Kopo la Kumi

Maji ya bwawa la kuogelea yalikuwa na asidi: kipimo cha pH kilisoma tano, na yalitakiwa saba. Mtunza bwawa akamimina makopo tisa ya magadi ya kuipunguza, maji yakafika sita. Akamimina tisa mengine bila kupumua; maji yakairuka saba, yakatua kwenye tisa.

“Haraka ya nini, bwana?” bosi wake akafoka. “Kila namba ukipanda, asidi inabaki sehemu moja ya kumi! Hapo kwenye sita, kopo moja tu lingetosha.”

Jioni mkewe, aliyemnunia siku tatu nzima tangu wagombane, alimpokea mfuko mlangoni, akatabasamu kidogo. Mtunza bwawa akafungua kinywa aanze tena kujitetea.

Tumefika sita, akajiambia.

“Nisamehe, mke wangu,” akasema, akanyamaza.