Koni Haina Mfuko

Mimi Nabalayo, mjane wa fundi wa msumeno, mama wa watoto watano, kiongozi wa kwaya ya akina mama kwa miaka kumi na minne, nimefanywa koni. Usicheke. Kama umewahi kuona watoto wakifundishwa mpira, koni unaijua: kile kidude chekundu cha plastiki kinachowekwa chini ili mtoto akokote mpira akizunguke bila kukigusa. Basi hapa Elburgon koni ni mimi.

Mwenye makosa ni Micah. Siku za kazi anapakia mbao kwa yadi, na Jumamosi saa tatu asubuhi anafundisha mpira watoto wa chekechea kwenye uwanja ulio nyuma ya kanisa letu. Alienda Nakuru kozi ya siku mbili akarudi na filimbi, cheti na maneno mengi. Koni hakurudi nazo. Wiki ya kwanza akapanga vipande vya mbao. Sasa jameni, ni nani katika Elburgon hii anaweka kipande cha mbao chini halafu akipate tena? Kugeuka tu, vyote vilikuwa vimeenda kuchemsha chai ya watu. Wiki ya pili akapanga chupa za maji. Watoto wakaona wameletewa vinywaji, wakakaa chini wakafungua. Wiki ya tatu akatuangalia sisi nyanya, tumekaa pembeni na leso zetu tukisengenya watu kwa utaratibu, akasema, "Shosho zangu, hebu simameni kidogo."

Tulisimama tukidhani ni maombi.

"Mmoja hapa, mwingine hapa, hatua tano tano. Watoto watapita na mpira wakiwazunguka. Nyinyi msisonge, msishike mtoto, na msiongee."

"Tusiongee?" akauliza Mugure. Huyu ni jirani yangu, mkulima wa viazi, na tangu nimjue sijamwona akinyamaza, hata mazishini.

"Koni haiongei, Shosho."

"Ngai! Mtoto nilimfunga nepi na mikono hii, leo ananinyamazisha!"

Lakini tulisimama. Mugure wa kwanza, Wachuka, nyanya mwenzetu, wa pili, mimi wa mwisho karibu na goli. Watoto walikuwa tisa, mipira mitatu. Na kwa sababu hakuna hata mmoja aliyejua kulia na kushoto, Micah akawaambia watumie mguu wa upande wa kanisa. Kwenda, kazi safi. Wakati wa kurudi, kanisa likawa limehamia upande mwingine, na watoto nao wakabadilisha mguu. Micah akavua kofia akaiangalia ndani, sijui alikuwa anatafuta nini.

Siku hiyo ya kwanza kila mtoto alikokota mpira mpaka kwa nyanya aliyemzoea, akatia breki. Ndung'u, mjukuu wa Mugure, alifika akainua uso apanguswe kamasi. Mwingine akaingia ndani ya leso ya Wachuka akakataa kutoka. Micah akapuliza filimbi mpaka mbwa wa mchungaji akaja.

"Koni inasimama, mtoto anapita!" akasema. "Sikizeni. Koni inasimama, mtoto anapita."

Alirudia hayo kila Jumamosi, na nitampa haki yake, watoto wakashika. Kufikia Oktoba wote walikuwa wanatupita sisi nyanya bila hata kutusalimu. Wote isipokuwa mmoja, na huyo mmoja alikuwa wangu.

Trizah ana miaka minne. Ni mtoto wa binti yangu Valarie, anayefanya kazi kwenye shamba la maua huko Kamere, kando ya ziwa Naivasha. Alikuja kwangu akiwa na miezi saba, na ananiita kukhu, vile sisi Wabukusu tunaita nyanya. Basi Trizah alikuwa anampita Mugure vizuri, anampita Wachuka vizuri, akifika kwangu anakanyaga mpira, anasimama, anafungua mdomo.

Sasa hapa nitasema ukweli, kwa maana Mungu ananiona hata nikikuficha wewe. Kwa mfuko wa aproni yangu kulikuwa na njugu. Njugu karanga, nimezikaanga mwenyewe kwa chumvi kidogo. Kila alipofika nilimtilia moja mdomoni, haraka, Micah akiwa ameangalia kando.

Mugure aliona. Mugure huona kila kitu.

"Nabalayo, wewe si koni," akaniambia. "Wewe ni kibanda."

"Koni haiongei," nikamjibu.

Ungeuliza kwa nini mtu mzima anaharibu mazoezi ya watoto na njugu. Ngoja nikuambie. Aprili iliyopita Valarie alikuwa amepata nyumba ya vyumba viwili na jirani mzuri wa kumwangalilia mtoto, akaja kumchukua. Huko Kamere Trizah alilia siku tatu. Alikataa uji, alikataa kuoga, alikaa mlangoni na viatu mkononi akisema anangoja kukhu. Siku ya nne Valarie akamrudisha, akanikabidhi mlangoni, akaenda bila kunywa chai. Mimi nilimpokea mtoto nikisema pole, pole sana, na moyoni nilikuwa naimba. Hiyo ndiyo aibu yangu, naisema mara moja tuiache.

Tangu siku hiyo Valarie alikuwa akipiga simu kila jioni. "Anaendelea aje, Mama?"

"Bado anashika sketi," nasema.

Na ilikuwa kweli. Sikumwambia tu sketi ina njugu.

Jumamosi moja ya Novemba Micah alinipata mkono ukiwa mfukoni. Akaja mpaka pale nilipo, filimbi ikining'inia, akainama kwa heshima akasema polepole watu wasisikie, "Shosho, koni haina mfuko."

Lo! Nilimpa za uso. Nilimwuliza yeye amezaa wangapi, amelea wangapi, na hicho cheti cha Nakuru kinajua kumlaza mtoto mwenye homa? Akajikuna kichwa, akasema, "Pole, Shosho," akarudi kwa watoto wake. Lakini usiku huo maneno yale yalikuja kulala na mimi, na wewe unajua vile neno la kweli linavyovuta blanketi.

Mwisho wa mwezi simu ikalia. Valarie hakuuliza habari.

"Mama, nakuja Jumamosi. Nitakuja moja kwa moja uwanjani. Trizah akinijia mwenyewe, tutaenda naye, Januari aanze shule huku. Akikushikilia wewe, basi, sitamlazimisha tena. Atakaa na wewe mpaka amalize shule ya msingi." Kisha akaongeza, "Siwezi tena kilio kama kile cha Aprili. Kilinimaliza."

Nikasema sawa, mama, Mungu akipenda. Ijumaa nikakaanga njugu nyingi kuliko siku zote.

Jumamosi kulikuwa na matope ya mvua ya usiku. Valarie alifika watoto wakipasha miguu moto, begi begani, sweta mpya ndogo ya njano mkononi. Trizah akamwona, akajificha nyuma yangu, akampa kidole kimoja cha salamu kupitia kando ya sketi. Valarie akakishika hicho kidole. Akacheka, lakini macho yake hayakucheka.

Micah naye hawezi kuona mtu mzima bila kumfanya kifaa. "Mathe wa Trizah? Karibu sana. Goli yetu haina nyavu, hebu simama pale katikati, wewe ndiwe nyavu leo."

Kwa hivyo ikawa hivyo. Sisi koni, binti yangu nyavu.

Ndung'u akapita, akapiga, mpira ukamgonga Valarie gotini, watu wakashangilia. Mwingine akapita. Mwingine akaanguka, akainuka, akasahau alikuwa anaenda wapi, akaelekezwa. Halafu Trizah. Akamzunguka Mugure. Akamzunguka Wachuka, ulimi nje, mguu wa upande wa kanisa. Akafika kwangu. Akakanyaga mpira, akafungua mdomo.

Mkono wangu ulikuwa tayari mfukoni. Njugu ilikuwa tayari kati ya vidole.

Nikainua macho. Pale golini Valarie alikuwa amechuchumaa kwenye matope, mikono ameifungua, mdomo ameufunga. Wazazi waliokuwa pembeni walikuwa wameita majina ya watoto wao mpaka sauti zikakauka. Yeye hakuita. Na mimi huo mdomo naujua, niliuzaa. Tangu akiwa mdogo Valarie akitaka kitu sana haombi, anaogopa kuambiwa hapana. Alifunga mdomo hivyo hivyo siku alipotaka viatu vya shule nami sikuwa na pesa. Alifunga mdomo hivyo hivyo Aprili, mlangoni kwangu, na mimi nilikuwa naimba moyoni.

Mkono ukatoka mtupu.

"Koni haina mfuko," nikamwambia Trizah.

Akaangalia aproni. Akanyoosha kidole. "Iko, kukhu. Ni huu hapa."

"Leo haina."

"Iko!"

"Trizah. Koni inafanya nini?"

Mdomo ukaanza kutetemeka. "Inasimama."

"Na mtoto?"

Alinishika sketi na mkono ule mwingine, kwa nguvu. Mugure alikuwa amenyamaza, nikuambie, Mugure! Nikajikaza kisabuni nisiiname, maana ningeinama tu ningembeba, na ningembeba yangekuwa yameisha.

"Mami pia ni koni?" akauliza.

"La. Mami ni nyavu. Mimi nasimama tu, sishiki mtu. Nyavu ndiyo inashika. Pita, mama yangu. Pita uone."

Akaniangalia mimi. Akaangalia kule. Halafu sketi ikaachiliwa, na mtoto akaenda mbio vile sijawahi kumwona akienda, mikono juu, na mpira akauacha hapo hapo miguuni pangu.

"Mpira!" Micah akapiga kelele. "Trizah, mpira! Umesahau mpira!"

Nani alikuwa na habari na mpira? Alimgonga Valarie kifuani, wote wawili wakaanguka chali kwenye matope, na ile sweta ya njano chini yao. Valarie alikuwa anasema jina la mtoto wake, mara nyingi, kama mtu aliyekuwa ameliweka akiba.

Niliumia. Sitakudanganya kwamba nilifurahi tu. Niliumia hapa, chini ya titi, na kwa sababu sikujua nifanye nini na mwili wangu nikaupiga ule mpira kuwafuata. Mpira ukaenda kwa Mugure. Kiatu changu kikaenda golini.

"Goli!" Mugure akapiga vigelegele. "Goli ya kiatu! Koni imefunga!"

"Koni haipigi mpira, Shosho," akasema Micah, lakini alikuwa ameshika mbavu. Tukacheka wote, nami nikacheka nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja, kwa hivyo hakuna aliyeuliza kwa nini nafuta macho.

Wakaondoka Jumapili baada ya ibada. Njugu zote nilizifunga kwa karatasi nikampa Valarie. "Umpe moja moja," nikamwambia. "Na si uwanjani." Trizah alilia kidogo kwenye steji ya matatu, kisha akataka kukaa dirishani. Jioni simu ikalia, na nikamsikia nyuma ya mamake akiomba uji.

Jumamosi iliyofuata niliamka nikajiambia siendi. Koni isiyo na mtoto ni ya nini? Nikaosha vyombo. Nikafagia uwanja wa nyumba ambao haukuwa na uchafu. Saa tatu filimbi ikalia, nikajiambia naenda tu kumsalimu Mugure, kisha narudi.

Nilisimama kando ya ua wa kanisa. Mugure alikuwa mahali pake, Wachuka mahali pake, na pale pangu hapakuwa na mtu. Micah hakuwa ameweka mwingine. Palikuwa na sehemu mbili tu ambapo nyasi zilikufa, za kulia na kushoto, saizi ya viatu vyangu.

Ndung'u akaja na mpira. Akampita Mugure, akampita Wachuka, akafika pale pasipo na mtu. Akazunguka. Alizunguka kwa upana, kama vile leso yangu iko pale inapepea, kisha akaenda golini. Aliyemfuata akazunguka. Wote wanane wakazunguka, na hakuna aliyekuwa amewaambia.

Micah akaniona. Akaweka mikono kiunoni. "Koni, umechelewa."

"Nilikuwa na kazi," nikasema.

Nikavua aproni, nikaitundika kwenye ua, nikaenda nikasimama mahali pangu.