Ndama wa Jioni

Saa kumi na nusu Phelista alikuwa akishona mfuko wa shati la shule. Sukuma wiki ilikuwa imekatwa, iko kwenye sahani ya plastiki, na bintiye Viola amepiga magoti akitafuta kifungo kilichoviringika chini ya kabati. Kisha ikawa saa tatu usiku. Mfuko ulikuwa vile vile, nusu umeshonwa. Sukuma ilikuwa imenyauka. Viola alikuwa bado amepiga magoti, na Wekoye, baba yake, alikuwa ameketi mlangoni na buti moja mguuni na nyingine mkononi, kwa maana alikuwa ameanza kuzivua alipotoka kwenye kazi yake ya ujenzi.

Hakuna aliyeuliza kitu. Jioni yao ilikuwa Milimani, kwa Bwana Hillary Wakoli, na ilikuwa huko tangu mwaka juzi. Phelista aliwasha jiko, akasonga ugali wa haraka haraka, wakala wakisinzia.

Deni lenyewe lilitokana na mguu. Mama yake Phelista, anayekaa karibu na Kibabii huko Bungoma, alivunjika paja akitoka kisimani, akapasuliwa, na hospitali ikakataa kumwachilia hadi bili ilipwe. Bwana Hillary alikuwa mzee wa kanisa na mkopeshaji, na katika kazi zote mbili alisifiwa kwa uvumilivu. Alifika kwao, mtaa wa Tuwan mjini Kitale, na shati jeupe, akaketi, akanywa chai.

"Mko na shamba?" aliuliza.

"Hapana."

"Gari? Hata pikipiki?"

"Hapana."

"Jioni si mko nayo?"

Walikuwa nayo, kama watu wote. Hillary akatoka nje akaitazama kwa muda, ilikuwa ndiyo kwanza inaingia uani, akasema itatosha. Alipoondoka ilimfuata bila kamba. Pesa zikaingia kwenye simu kabla hajafika barabarani, na mama mzee akatoka hospitalini siku iliyofuata kwa magongo.

Kukopa harusi, kulipa matanga, wahenga walishasema, na hakuna mtu aliyewahi kuwasikiliza. Phelista na Wekoye walilipa kila mwisho wa mwezi. Riba ilikula sehemu kubwa, deni likapungua kwa mwendo wa kinyonga. Phelista akaanza kusikia kichwa kikigonga. Kwenye zahanati daktari alimfunga mkono kwa ile mashine, akasema presha imepanda.

"Jaribu kupumzika jioni," alimwambia.

"Sina jioni, daktari."

"Basi punguza chumvi."

Chumvi aliipunguza. Lililomuuma halikuwa la chumvi. Zamani, kabla ya mkopo, saa hiyo ndiyo alikuwa akimsuka Viola nywele, mtoto yuko katikati ya magoti yake, naye anabwabwaja yote ya shule: nani alipigwa, nani alidanganya, mwalimu gani ana viatu vipya. Sasa asubuhi walipishana mlangoni, na usiku mtoto alikuwa usingizini. Mwezi wa tatu wa mwaka huu Viola alimshika mkono na kumsalimia vizuri sana, "Habari ya asubuhi, Mama Viola," vile majirani humwita. Hakuwa anatania. Phelista aliitikia nzuri, akaenda kazini, na mchana kutwa akashona mikono ya mashati kwenye shingo.

Pasaka walienda Bungoma kumwona mama. Kesho yake asubuhi bibi yake Viola aliwakaribisha chai na uso wa kununa.

"Jana mliketi kwangu kama magunia," alisema. "Macho wazi, mdomo wazi. Nimeongea peke yangu mpaka usiku, nikawafunika na blanketi. Ni nini hii?"

Phelista akamweleza. Bibi alisikiliza, akatazama mguu wake, akaupiga kofi kama mtoto mtukutu.

"Kwa hii? Ungeniacha huko huko! Na wewe umeenda kuiona hiyo jioni yako mara ngapi?"

"Kuiona? Si iko kwa mwenyewe?"

"Mwenyewe ni nani? Mimi ng'ombe yangu iko Chwele kwa Wamboi, ananifugia. Maziwa anakunywa, sawa. Lakini nikienda kuona ng'ombe yangu kuna mtu ananifungia mlango? Na hutoki bila kunywa maziwa. Ati umelelewa kwangu, na haujui hii!"

Kila Mbukusu anajua. Ng'ombe uliyempeleka kwa mtu akufugie ni wako, na siku ukijisikia kumwona, unamwona. Phelista alirudi Kitale akiwa kimya njia nzima, na Wekoye, aliyemjua mkewe, alianza kuingiwa na wasiwasi walipofika Webuye.

Jumatatu alifunga cherehani mapema. Akachukua jiko, sufuria, kitana na kigoda, akamchukua Viola.

"Mimi naona aibu," Wekoye alisema.

"Aibu utavaa kesho. Leo vaa buti."

Walifika Milimani kabla ya saa yao. Kwa majirani jua lilikuwa linashuka nyuma ya Mlima Elgon kama kawaida, na lingeshuka likaisha. Kwa Hillary jioni haikuwa na haraka. Jioni za watu zilikuwa zimeegeshwa uani kote, moja juu ya nyasi, nyingine juu ya paa la gari, nyingine imekunjwa kwenye baraza ikingoja nafasi, na hata saa tano usiku ungeweza kusoma gazeti pale bila taa. Hillary aliukodisha ua huo kwa sherehe za mahari. Watu walilipa vizuri kwa sababu picha zilitoka maridadi.

Getini alikuwepo askari anayeitwa Khisa.

"Mmealikwa, mama?"

"Nimekuja kuona kitu yangu."

Khisa alifikiria. "Yangu ni ile iko kwa banda ya gari," alisema polepole. "Sijawahi kuikaribia." Akafungua geti.

Phelista aliijua yake mara moja. Ilikuwa juu ya meza ya wageni, karibu na mbuzi anayechomwa, inanuka mafuta ya cherehani na sukuma inayokaangwa. Watu wazima watano walikuwa ndani yake wakicheka. Akaweka kigoda katikati yao, akawasha jiko, akamvuta Viola katikati ya magoti, akaanza kumfumua nywele.

"Mama, hii ni nini sasa?" Hillary aliuliza, kijiti cha meno mdomoni.

"Nimekuja kukaa kwa jioni yangu."

"Deni bado. Na dawa ya deni ni kulipa."

"Dawa nakunywa kila mwisho wa mwezi. Hata mtu anayekunywa dawa anakula." Aligawanya nywele kwa kitana. "Nilikupa uniwekee. Sikukuuzia. Ng'ombe ya mtu ikiwa kwako, mwenyewe akija kuiona unamfukuza?"

Wageni waliacha kutafuna. Walikuwa watu wa Bungoma, wenye kazi za serikali na ng'ombe wao kwa marafiki huku na huku, na kila mmoja akamtazama Hillary amsikie atajibu nini. Hillary alicheka. Hakuna aliyemsaidia kucheka.

"Hapo amekushika, bana," mmoja alisema, akasogeza kiti chake nje ya jioni ile.

Wakakaa. Wekoye alivua buti zote mbili, moja baada ya nyingine, akaziweka pamoja akazitazama. Sukuma ikaiva. Viola alikuwa kimya kwa mistari minne ya nywele, shingo imekakamaa kama ya mtoto anayesukwa na mgeni. Kwenye wa tano akasema, "Jino langu la kwanza lilitoka mwaka jana na haukuniuliza."

"Lilitoka lini?"

"Siku ya mvua. Nililitupa juu ya nyumba peke yangu." Akashika kichwa. "Mama, unanivuta."

Alisema Mama tu. Phelista akalia pale pale mbele ya wageni na mbuzi wao. Hakufuta uso, mikono ilikuwa na mafuta, na hakuacha kusuka. Alikuwa na hasira na alikuwa na furaha, na zote mbili zilimtosha.

Walirudi kesho yake, na kesho kutwa. Khisa aliacha geti wazi akawaleta watoto wake wakalie jioni yao kwenye banda la gari. Leela, mwenye duka la vitambaa mjini, ambaye jioni yake ilienda mwaka ule mizigo yake ilipokwama Mombasa, alikuja na mumewe Uday na chupa ya chai ya tangawizi, wakakuta yao imekunjwa barazani, wakaikunjua. Hazikupita wiki mbili, ua ulikuwa umejaa masufuria, vitabu vya shule na watu waliokuwa wakigombana kwa raha kuhusu chumvi. Sherehe za mahari zilihamia kwingine.

Hillary hakumfukuza mtu. Aliongeza kwenye deni la kila mmoja ada ya nyasi.

"Nyasi zako sijazikalia," Phelista alimwambia. "Nimekalia kigoda."

"Kigoda kimekalia nyasi," Hillary alisema, na ada ikabaki.

Haya. Kula jioni na kulala mapema kukampa Phelista nguvu, na zahanati ikasema presha imeshuka, pengine ni ile chumvi. Leela alimkopesha vitambaa kwa neno tu. Januari shule zilipofunguliwa alishona mashati mpaka kidole kikaota sugu, na Wekoye akawa anaenda Moi's Bridge Jumamosi kujenga maghala ya mahindi. Walipunguza nyama, walikataa kuchangia harusi mbili za watu wasiowajua vizuri, na Phelista akajifunza kuwaambia shemeji zake neno hapana, neno ambalo lilimtoka kwa shida mara ya kwanza na baadaye likawa tamu. Mwezi wa nne walimaliza kulipa, riba na nyasi na yote.

Hillary aliwapa mikono, akawapa jioni yao. Iliwafuata Tuwan kwa miguu, ikichechemea. Ilikuwa imekonda. Iliingia ndani na kabla maji ya ugali hayajachemka ilikuwa imekwisha, na ndani yake mlisikika mara kwa mara kicheko cha mtu mnene asiyejulikana. Wekoye alisema wasiisumbue, itapata nguvu. Viola alikuwa akisukwa haraka haraka, hadithi zake akizikata katikati ili mama azipate zote.

Wiki ileile Khisa alikuja mpaka mlangoni, kofia mkononi.

"Mama Viola, sitaki maneno," alisema. "Lakini ile yako ilizaa kule."

Phelista alienda kuona mwenyewe, saa saba mchana, jua limewaka. Nyuma ya tangi la maji kulikuwa na kijioni kidogo, hakizidi upana wa kitanda, rangi ya chungwa, kina nyenje wake wawili wadogo. Kilinuka mafuta ya cherehani. Kimoja kingine, Khisa alisema, kilikuwa kikubwa zaidi na kilishapelekwa Bungoma kwa hosteli za Bwana Hillary pale Kibabii, ambako wanafunzi wanakikodi kwa saa.

"Ndama ni wangu," Phelista alimwambia Hillary. "Maziwa ulikunywa, sikukuuliza. Ndama nipe."

"Mama, ulichukua ulichoweka. Jioni moja umeleta, jioni moja umepata. Tumemalizana."

"Hujui ndama ni ya nani?"

"Najua," Hillary alisema kwa upole, kwa kuwa hakuwa mjinga. "Lakini nani atanilazimisha?"

Chifu aliitwa. Alikiangalia kile kijioni, akakizunguka, akainama akasikiliza nyenje. Akasema sheria haijui ndama wa jioni.

"Na jioni yenyewe iliijuaje?" Phelista aliuliza. "Mbona ilikuwa sawa akichukua?"

Chifu alitoa simu akaitazama, ingawa haikuwa imelia. Jioni hiyo kijioni kilipandishwa kwenye pikapu kikapelekwa Bungoma, na geti likawekewa askari mpya. Ukuta ukaongezwa matofali.

Watu wa Tuwan walimwambia Phelista ashukuru Mungu. Si amemaliza deni? Wangapi wanamaliza? Aliwaambia Mungu anamshukuru kila siku na Mungu hakumwibia ndama. Saa kumi na nusu akachukua kigoda na kitana, akaenda na Viola kuketi nje ya geti la Hillary, ubavuni mwa njia. Alienda kesho yake tena. Kutoka ndani mwanga wa jioni za watu ulipita juu ya ukuta ukawaangukia mabegani, na kwa mwanga huo hakuna aliyeweza kuwadai.

Siku moja gari la Hillary lilisimama hapo, kioo kikashuka.

"Mama, kwani hii ni nini? Wewe haudaiwi tena. Enda nyumbani."

"Mimi sidaiwi," Phelista alisema, akaingiza kitana kwenye nywele za mtoto. "Ni wewe unadaiwa. Nimekuja kudai."

Hillary alimtazama, akatazama saa, kioo kikapanda. Geti likafunguliwa na kufungwa. Kando ya ukuta ilikuwa imepangwa foleni ya watu waliokuja kukopa, karo ya Mei ikiwa mlangoni, kila mmoja na jioni yake nyuma yake, imetulia. Mwanamke wa mbele akamwomba Phelista asogee ili foleni ipite.

Akasogea kidogo, si sana, akaendelea kusuka.