Sufuria ya Sajini

Kwanza niseme wazi: ndiyo, nilimpikia mbwa. Nilimpikia kwa sufuria nzima na maji safi, na kesho nitampikia tena. Aliye na neno aje alisemee hapa langoni, Sajini mwenyewe akisikia.

Huku kwetu Mbeere, ukishuka kuelekea Ishiara, mbwa hapikiwi. Mbwa hupewa ukoko wa ugali na maji yaliyooshewa vyombo, na sikukuu ikifika hutupiwa mfupa uliokwisha kupita kwa kila mtu hadi mtoto wa mwisho. Watasema mbwa akishiba hulala, na kwamba mwenye njaa ndiye mkali. Maneno hayo nimeyasikia tangu usichana wangu. Sijamwona hata mmoja wa wanaoyasema akilala njaa ili naye awe mkali shambani.

Kiangazi kilipokaza, fisi aliingia bomani mwangu akabeba mbuzi wawili. Sajini alibweka, akajaribu kumkimbilia, miguu ikamkataa. Mbavu zake ungezihesabu ukiwa barabarani. Asubuhi alikuja shemeji yangu Nthiga, mdogo wa marehemu mume wangu Mbaka, na hakuja kunipa pole.

"Mama Tabby, hii boma haina mwanaume," akaniambia. "Nitachukua hizo mbuzi zingine nikuchungie kwangu."

"Mbuzi haziendi mahali."

"Basi nitaita wazee."

Namjua Nthiga. Mbuzi wakiingia kwake hawatoki. Na mjane asiye na mbuzi hapa kwetu hana sauti hata katika boma alimoolewa. Leo wangeenda mbuzi, kesho shamba la ndengu, na kesho kutwa ningeonyeshwa njia ya kwa mama yangu. Niliapa kwamba mbuzi hawatatoka, hata kama nitalala nao mimi mwenyewe.

Nilimpigia simu binti yangu Tabby, ambaye anauza dawa za mifugo Meru mjini. Nilitaka aniambie dawa ya kumtia Sajini nguvu.

"Mum, hiyo si ugonjwa, hiyo ni njaa," akasema. "Mpikie. Weka mapafu ama matumbo, weka visamaki vya omena, weka boga na kunde. Chumvi wachana nayo. Na kitunguu usijaribu kabisa, hiyo ni sumu kwake. Hata mifupa ya kuku ikishapikwa usimpe, inavunjika inamdunga ndani."

"Nimpikie kama mtu?"

"Mpikie kama askari, Mum. Si ndiyo kazi yake?"

Basi nikapika. Nilinunua mapafu kwa mwenye bucha, ambaye aliniuliza wageni wangu ni wa kutoka wapi. Nikayachemsha mpaka yakalainika, nikayakata vipande. Ndengu nilizipika hadi zikapasuka, nikatia boga na majani ya kunde, halafu nikasonga kwa unga wa mtama, laini, wa kulambika. Maganda ya mayai niliyakausha, nikayatwanga yakawa unga, nikanyunyiza kidogo. Nilipoipua, harufu yake iliingia hadi ndani ya nyumba, nami nikajikuta nameza mate.

Siku ya kwanza Sajini aliitazama ile bakuli, akanitazama, akaitazama tena. Alidhani nimesahau chakula changu chini. Ilibidi nimwambie, "Kula, ni yako," na hapo roho yangu iliniuma kweli kweli.

Wiki chache zilitosha. Manyoya yaliyokuwa kama kamba kuukuu yakaanza kung'aa. Sauti ikarudi, sauti nene ya kifuani. Fisi alikuja tena, na safari hii Sajini alimfukuza hadi ng'ambo ya lugga, ule mto mkavu, akarudi na sikio limechanika kidogo na mkia juu. Nilimfunga kidonda, nikamwongezea mapafu.

Unafikiri watu walifurahi? Walicheka. Kisimani wakasema Mama Tabby ameolewa tena, ila bwana ana mkia. Nikawaambia angalau huyu wangu hurudi nyumbani mapema, na waliocheka sana wakainamia mitungi yao, maana wanajua waume zao hurudi saa ngapi. Jirani yangu Cicily, ambaye kwa kawaida ana akili, alinivuta kando.

"Wacha kupika kwanza mpaka hii maneno ya wazee iishe," akaninong'oneza. "Nthiga anasema umerukwa na akili. Sasa unamsaidia."

"Nikiacha, Sajini atakonda, fisi atarudi, na Nthiga atasema si niliwaambia. Nipike nionekane wazimu, ama niache nipoteze mbuzi?"

Nilienda nikachochea moto.

Nthiga naye alipita akanikuta na mwiko mkononi. Ni mzee wa kanisa, na hapitwi na nafasi ya kuhubiri.

"Hata kanisani tumesomewa," akasema, "mbwa ni wa makombo."

"Tumesomewa vizuri. Na yule mama aliyejibizana juu ya hayo makombo, si aliondoka amepewa alichotaka? Hapo huwa umesinzia, shemeji?"

Aliondoka akitema muguka, jani lile analolitafuna tangu jua lichomoze. Kilichobaki nyuma yake ni mbwa wake, Risasi. Aliyempa jina hilo alikuwa na matumaini makubwa, kwa sababu Risasi alikuwa ngozi na mifupa, wa kusukumwa na upepo. Alisimama kwenye ua wa miiba akinusa. Sajini hakumbwekea. Nikamwita Nthiga kwa sauti ya kusikika hadi kisimani, nikamwambia mbwa wake yuko kwangu.

"Mfukuze!" akanijibu bila kugeuka.

Mimi simfukuzi mwenye njaa aliyesimama mlangoni. Nilitafuta bakuli ya pili. Kesho yake Risasi alikuja mapema kuliko jua, na baada ya hapo sikumwona akirudi kwa Nthiga isipokuwa kupita tu.

Wazee walikuja baada ya wiki kadhaa, Jumamosi mchana. Nthiga aliwachinjia mbuzi kwake, nyama ikaachwa ikichomwa, wao wakaja kwangu kumaliza maneno kwanza. Nyamu ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Niliwawekea mabenchi mbele ya ghala, nikawapa chai, nikakaa. Nthiga alisimama akaeleza jinsi boma lisilo na mwanaume linavyoliwa na fisi, na jinsi mjane wa kaka yake anavyowapikia mbwa nyama huku watu wakikosa. Alisema kwa huzuni, kama anayezika. Wazee wakatikisa vichwa. Harufu ya nyama ilikuwa ikivuka ua, na niliona wazi kwamba hakuna aliyetaka mkutano mrefu.

"Mama Tabby," Nyamu akasema, "hatukunyang'anyi. Mbuzi ni zako. Lakini zikae kwa Nthiga, yeye ni mwanaume, atachunga."

"Mmeniuliza hata neno moja?"

"Utasema baadaye. Nthiga, fungua boma."

Nilisimama, sikujua hata naenda kufanya nini. Mwiko ulikuwa bado mkononi kwa sababu sufuria ilikuwa motoni. Nthiga alikwenda hadi kwenye lango la mbuzi, na kabla hajagusa kijiti cha kufungia, Sajini aliinuka. Hakubweka. Alisimama katikati ya lango, akakunja midomo, akatoa ile sauti ya kifuani.

Nthiga alirudi nyuma hatua moja, kisha akajichekesha. "Hii si ni mbwa tu," akasema, akaweka vidole mdomoni, akapiga mluzi. "Risasi! Kuja! Shika huyo!"

Risasi alitoka mbio nyuma ya jiko langu. Wazee hawakumtambua upesi, kwa jinsi shingo ilivyojaa. Alimpita Nthiga kama anavyopitwa mtu asiyejulikana, akaenda akasimama ubavuni mwa Sajini, akageuka, akamwonyesha bwana wake meno yote.

"Risasi! Ni mimi!"

Risasi alinguruma. Nthiga akaokota fimbo, na mbwa aliyezoea kukimbia akiona fimbo hiyo hakusogea hata unywele. Kicheko cha kwanza kilitoka kwa mzee wa mwisho kwenye benchi, kisha wengine wakashindwa kujizuia.

"Mama Tabby, shika mbwa," Nyamu akasema, akijifuta macho.

"Niwashike niwapeleke wapi? Hapa ndipo kwao." Nikamwelekezea Nyamu mwiko. "Mmesema nitasema baadaye, basi baadaye imefika. Tangu hawa wale chakula changu, ni mbuzi gani amepotea? Na mniulizie huyu mwanaume: boma ambalo mbwa wake mwenyewe amelihama, mbuzi wangu watakaa huko namna gani?"

"Amemroga!" Nthiga akapiga kelele. "Amenirogea mbwa!"

"Nimemroga kwa mapafu na boga. Dawa iko kwenye sufuria, njoo uonje."

Nyamu alitema muguka, akasimama kwa kujishika kiuno. "Nthiga, mkono mtupu haulambwi," akasema. "Mbuzi zikae hapa. Twende kabla nyama haijaungua."

Wakaenda. Nyama ya Nthiga waliila yote, yeye akiwakatia. Nilimtuma Cicily aniombee mapafu, na wazee wakampa.

Jua likielekea kushuka, Nthiga alisimama kwenye ua wangu na kamba mkononi. Hakuwa na mahubiri tena. Nilikuwa nimeipua sufuria, mbwa wote wawili wameinamisha vichwa kwenye bakuli.

"Nimekuja kuchukua mbwa yangu," akasema.

"Lango liko wazi, shemeji. Mwite."

Alimwita. Alimwita kwa ukali, akapiga mluzi, halafu akamwita polepole, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitumia kwa mtu wala mnyama. Risasi aliinua kichwa, akamtazama, akarudisha mdomo kwenye bakuli.

Nikachukua mwiko, nikawaongezea.