Baba Yake Wanzagi

Mwaka ule Waingereza walipokuwa wakijiandaa kumvika taji malkia wao mpya, watoto wa shule ya misheni kule Butiama walifundishwa wimbo wa kumpongeza, na Wanzagi akafukuzwa shule kwa sababu aliuimba vibaya. Malkia mwenyewe asingejua. Lakini mwalimu mkuu Leonardi alijua, na kwake hilo lilitosha.

Mtoto alirudi nyumbani asubuhi ileile, kibao chake kwapani. Boke, mwenye nyumba, alikuwa akisaga ulezi. Alimshika kidevu, akamwinua uso wakatazamana, kama alivyofanya kila mara alipotaka kusema naye.

"Umefanya nini?"

"Mwalimu anasema nisirudi. Nabakiaga nyuma, wenzangu wakishamaliza."

Ndivyo ilivyokuwa. Surua ilikuwa imemharibia masikio. Ukimtazama usoni, alishika neno; ukimpa kisogo, umemfungia mlango. Na Leonardi alimketisha nyuma kabisa kwa kuwa ni mrefu, kisha akafundisha huku ameugeukia ubao, akiandika na kusema papo hapo. Watoto walipoitikia kwa pamoja, Wanzagi alichungulia midomo ya walio ubavuni mwake, naye akaitikia wenzake walipokwisha nyamaza. Wakamwita zuzu. Mwalimu naye akaamini.

Boke alikasirika, na hasira ya Boke haikuwa ya kukaa nyumbani. Aliacha unga juu ya jiwe, akaenda shule.

"Mwalimu, mtoto si mjinga. Masikio ndiyo iliugua. Mkalishe mbele, umwangalie ukisema. Basi."

Leonardi alikuwa kijana wa Ukerewe, kaptula yake imepigwa pasi mpaka ikasimama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, na watu wa namna hiyo humwumiza mtu bila hata kupandisha sauti.

"Mama, shule iko na sheria. Neno la mtoto linaletwaga na baba yake, kwenye mitingi ya wazee, Jumamosi. Mlete baba yake."

Alijua Boke ni mjane na kwamba nyumbani kwake hakuna mwanamume. Alidhani amemaliza kazi. Boke akatabasamu.

"Jumamosi atakuja."

Mwalimu yule mgeni hakujua alichokiita. Mume wa Boke, Wanzagi mkubwa, alikufa bila kuacha mtoto wa kiume, na kwao nyumba ya hivyo haiachwi izimike. Mwanamke hutoa ng'ombe akaoa mke kwa ajili ya nyumba yake, na watoto watakaozaliwa ni wake. Mbele ya wazee yeye ndiye baba yao. Boke alimwoa Jeska, Jeska akamzaa Wanzagi, na jina la marehemu likarudi nyumbani. Kijiji kizima kilijua. Leonardi hakuwahi kuuliza.

Lakini palikuwa na mwiba. Boke alikuwa akisoma dini, abatizwe sikukuu ya Bikira Maria mwezi wa nane. Jina alikwisha kulichagua, Benedikta, na alikuwa akilitamka peke yake jikoni ili ulimi ulizoee. Padri alikuwa amesema wazi kwamba kanisa halitambui ndoa ya mwanamke kwa mwanamke. Basi watu wakafunga midomo. Ilisemwa kwamba Jeska anaishi tu kwa Boke, yule mama mpweke. Hata Matiko, babake Jeska, mwenyekiti wa kamati ya shule mwenye medali kifuani, alijifanya hajui zizi lake lilijaa vipi.

"Ukisema, hawatakubatiza," Jeska alimwonya.

"Maji nimeshayavulia nguo," Boke akajibu.

Jumamosi alivaa koti la marehemu, akaingia darasani pamoja na wazee, akakaa kwenye benchi katikati yao. Leonardi akakunja uso.

"Mama, mimi nilisema baba."

"Ndiye mimi."

Mtu mmoja akacheka. Katekista Thadeo akasimama haraka.

"Boke, chunga mdomo! Kanisa halijui mambo hiyo. Ukiyasema hapa, ubatizo wako hakuna."

Boke akalikumbuka jina la Benedikta. Alilitaka jina lile. Alilitaka kweli, na palepale aliliona likimponyoka.

"Basi Mungu atanisubiri, Thadeo. Mimi nimemsubiri sana, naye atavumilia kidogo. Shule haitamsubiri huyu mtoto."

Kisha akamgeukia Matiko. Akainamisha macho, maana mkwe hatazamwi usoni wala haitwi kwa jina, na Boke hakuwa mtu wa kukosa adabu hata akiwa vitani.

"Mkwe, waambie ng'ombe zilizoingia kwako zilitoka kwa nani. Kama mimi si baba, Jeska hajaolewa. Nitakuja kuzichukua leo, na jioni utampokea binti yako."

Wazee waliangalia miguu yao. Matiko alishika medali yake, akaiachia, akaishika tena. Jasho lilimtoka kwenye kipara.

"Thadeo, kaa chini," alisema mwishowe, sauti imekauka. "Mwalimu, msikilize mkwe wangu. Baba ya mtoto anataka kusema."

Boke akasimama.

"Mtoto akae mbele. Mwalimu akisema, uso kwa watoto, mgongo kwa ubao. Na wimbo wa malkia ataimba, hata akimaliza wa mwisho."

"Na mimi nikisahau?" Leonardi akauliza.

"Nitakukumbusha. Baba anaruhusiwaga kuja shule, si ndiyo?"

Safari hii wazee walicheka kweli.

Jumatatu Boke alisimama dirishani, jembe begani. Wanzagi alikuwa benchi la mbele. Mwalimu alikuwa akiita majina, la mtoto na la baba yake, kichwa kikiwa kimeinama kama kawaida yake. Wanzagi tu ndiye aliyekuwa akiitwa kwa jina moja, na mara nyingi aliandikwa hayupo huku amekaa mle ndani.

"Wanzagi."

Kimya. Mtoto alikuwa akitazama utosi wa mwalimu.

Boke aligonga ukuta kwa mpini wa jembe. Leonardi alisita, akainua uso, akamtazama mtoto, akafungua kinywa vizuri.

"Wanzagi Boke."

"Nipo!"

Ilikuwa sauti kubwa mno. Kuku waliokuwa wakiparura nje walitawanyika na darasa zima likaangua kicheko, Wanzagi naye akacheka nao. Leonardi aliweka alama yake, akaita jina lililofuata, uso ukiwa juu.

Mwezi wa nane wengine walibatizwa, na Boke alikaa nyuma ya kanisa akiwatazama. Hakuwa Benedikta. Jumatatu iliyofuata alisimama tena dirishani, akasikia jina lake likiitwa baada ya la mtoto.