Cherehani Hakina Historia

Usiku wa kuamkia leo niliota nafanya mtihani wa nadharia za uhalifu, somo ambalo kweli ninalo wiki ijayo, ila chumba cha mtihani kilikuwa sebule ya nyumbani kwetu Tanga na msimamizi alikuwa chupa ya gundi.

"Kalamu chini," ilisema chupa. "Leo hatuandiki. Tunabandika."

Sikushangaa. Ndotoni mtu haoni ajabu kuamrishwa na gundi.

Anaingia bibi mmoja mnene na furushi la kamba. Anasema yeye ndiye Nadharia ya Udhibiti. Anamfunga kila mtu kamba: moja kwa mama yake, moja kwa kazi yake, moja kwa majirani. Asiye na kamba anapaa. Binamu yangu Mbwana alikuwa ameshagusa dari.

Mbwana ni mtoto wa mama mdogo. Aliwahi kufungwa kwa kununua simu ya wizi, akatoka, akaja kukaa kwetu, akawa anamfulia mama mapazia bila kuombwa. Juzi pete ya ndoa ya mama ilipotea. Hakuna aliyetaja mtu. Mama alisema tu kwamba Ijumaa baada ya alasiri ataita mashekhe wasome halbadiri, dua ya kumlaani mwizi, aliyeichukua imtokee puani, nasi sote tukatazama sahani zetu ili tusimtazame Mbwana. Asubuhi begi lake halikuwepo. Hayo siyo ndoto, yalitokea.

Ndotoni namvuta mguu.

"Shuka, ndugu yangu, nikufunge kamba."

"Unifunge kwa nani, dada?"

Naangalia huku na huku. Wote wametazama sahani zao.

Mara sebule ni mahakama. Hakimu ni kabati la vyombo. Cherehani cha mama kinasimama kizimbani, kinakohoa.

"Mheshimiwa, pete ninayo mimi. Mama aliivua anipake mafuta, ikateleza ndani."

"Umewahi kushukiwa?" linauliza kabati.

"Hapana."

"Marafiki zako ni nani?"

"Mkasi na pasi."

"Kwa mujibu wa nadharia, huwezi kuwa umeichukua. Kaa chini."

"Lakini ninayo!"

"Usitupotezee muda. Huna historia."

Chupa ya gundi inanipa karatasi. Ina maneno mawili, Mbwana Jela, na mwandiko ni wangu.

"Bandika," inasema. "Hili ndilo swali lenye alama nyingi."

Nilibandika, kwa sababu ulikuwa mtihani na nilitaka kufaulu. Mbwana hakubisha. Alishuka mwenyewe kutoka darini, akainamisha paji la uso ili nifikie vizuri. Nilijuta kabla gundi haijakauka, na nilipojaribu kuibandua ilitaka kuja na ngozi.

Nikaamka. Sebuleni cherehani kilikuwa kinakohoa.

"Na hiki nacho kimeanza vituko," mama alikuwa analalamika. "Kimeshanivunjia sindano."

Nilikwenda bila hata kumwamkia, nikakiinua kichwa cha cherehani, nikakitikisa. Pete ikaanguka mezani, imezongwa uzi mweusi.

Mama aliiokota, akaanza kuufungua uzi. Leo ndiyo Ijumaa.

"Nilitaka kumsomea mtoto wa mdogo wangu," alisema. "Mpigie. Mwambie mama mkubwa anamwomba arudi. Usimwambie nimemsamehe. Mwambie anisamehe yeye."

Nikachukua simu. Mama akaja kusimama begani kwangu asikie. Nilikuwa nimeshabonyeza nilipokumbuka jina nililomhifadhia, ili nisimchanganye na Mbwana fundi bomba. Lilikuwa jambo la kurahisisha tu, sikulifikiria hata kidogo.

Simu iliita na kuita, na maneno mawili yakawaka kwenye kioo.

Mama aliyasoma polepole, kwa sauti. Kisha akaniuliza, "Hili jina amepewa na nani?"

Simu ya Mbwana haikupokelewa.