Moto wa Kuomba

Wiki nzima Apolonia hakuja kuomba moto, na Paskalina akajua kuna jambo.

Pale kijijini Didia, miaka ile, viberiti vilikuwepo dukani. Lakini nani anunue moto na jirani anao? Kila kukicha Apolonia alikuja na kigae chake, wakaamkiana mwangaluka, wakasengenya kidogo, kisha akaondoka na makaa. Hata moto wake usipozimika, alikuja. Sasa kimya, na moshi kwake unafuka kama kawaida!

Moto anautoa wapi? Kaya nyingine zote zilikwishahama. Wanaume walifuata dhahabu Geita, wake wakawafuata wanaume, nyumba zikaachiwa popo. Masele, mwana wa Paskalina mwenyewe, alikwenda moja kwa moja, hakurudi. Zilibaki nyumba mbili tu, yake na ya Apolonia.

Mwezi uliopita Paskalina alikuwa amempa Generosa, binti wa Apolonia, mizizi ya homa, na mtoto akakawia kupona. Ehee, ndiyo hiyo! Kikulacho ki nguoni mwako. Mwanamke mjane kama yeye, macho mekundu kwa moshi wa jikoni, neno moja la uchawi lingetosha kummaliza. Akawa anamchungulia mwenzake kupitia ua wa minyaa, akamwona anaanua, anafunga, anaficha. Alipoamkiwa kwa mbali, Paskalina hakuitikia. Aitikie nini, na anaogopa hata kulala?

Asubuhi moja hata moshi haukufuka. Uvumilivu ukamshinda. Akachukua kigae chake, akaenda yeye kuomba moto, apate kumtazama usoni.

Jikoni mafiga yalikuwa ya baridi. Mizigo ilikuwa imefungwa, na Apolonia ameketi juu yake, kiberiti mkononi. Theonest, mumewe, alikuwa amempelekea hicho pamoja na nauli kutoka Geita. Lori lingepita mchana.

Hasira zikampanda Paskalina. "Wiki nzima unanikwepa," alisema. "Unaniona mchawi?"

Apolonia akaanza kulia. "Mchawi gani, Mama Masele? Nilitaka uzoee."

"Nizoee nini?"

Apolonia alikiweka kile kiberiti ndani ya kigae cha mwenzake, mahali pa makaa, akamfumba vidole.

"Moto ukikuzimikia," alisema, "utaomba kwa nani?"