Aibu ya Mzee Ngurumo

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi, na ndiyo iliyokuwa inamtoa jasho mtafsiri tangu Jumatatu. Katika ile tamthilia ya kigeni waliyokuwa wanaitia sauti ya Kiswahili, kijana mmoja analewa karamuni, anapanda juu ya kiti na kuwaimbia wageni. Anaimba vibaya, tena kwa raha zake zote. Shemeji yake, ambaye hajalewa wala hajaimba, ananyanyuka mezani uso umemwiva, anakwenda kujifungia jikoni. Mtoto anauliza, "Ana nini?" Babu wa nyumba anajibu kwa neno moja tu, kisha anaendelea kula.

Neno moja! Wenye lugha yao walikuwa nalo tayari, wanalitumia kama chumvi. Mtafsiri aliandika kwanza "Kaona aibu," akaona amemsingizia mwanamke wa watu, maana hakuwa na kosa lolote la kumwaibisha. Akaandika "Kaona aibu kwa niaba ya shemeji yake." Hiyo ilikuwa sahihi kama hati ya mahakama, na ndefu vilevile: babu angekuwa ameshafunga mdomo, ametafuna na kumeza, sauti bado inatoka. Kwenye kazi ya kutia sauti mdomo ndio mwenye nyumba, maneno ni wapangaji tu. Mdomo wa babu ulifunguka mara sita, au saba ukihesabu na ile ya kutafuna.

Pale studio mtafsiri walimwita Kamusi, na si kwa kumsifu. Alikuwa na tabia ya kubadilisha maneno mpaka dakika ya mwisho. Waigizaji walinung'unika, yeye akaomba radhi, kesho yake akabadilisha tena. Sikio la kufa halisikii dawa.

Sauti ya babu ilikuwa ya Mzee Ngurumo. Nje ya studio huyo alikuwa baba yake mdogo, aliyemlea tangu baba yake mzazi alipofariki, na aliyemfundisha kusoma kwa sauti kibarazani hadi majirani wakawa wanafunga madirisha. Kwa miaka ishirini alikuwa amesoma habari redioni. Ni Kamusi aliyemleta hapa. Alimwendea Bosi akamwambia, "Mchukue huyu, hutajuta," na Bosi akamchukua. Mwanzoni mzee alikuwa anamaliza kurasa kumi chai haijapoa. Picha hata haitazami. Alisikiliza pumzi ya mwenye sauti kwenye hedifoni, akaingia naye na kutoka naye. Siku za karibuni ndipo alipoanza kujikwaa.

Alhamisi ile asubuhi walikuwa watatu chumba cha mitambo: Bosi, ambaye ni mama mwenye subira ya kupimwa kwa saa na dakika, fundi wa sauti na kitambi chake, na Kamusi. Mzee Ngurumo alikuwa peke yake ng'ambo ya kioo, kwenye kibanda cha kurekodia, amesimama wima kama siku za redio.

"Kaona aibu," alisema kwa mara ya tano.

Bosi akabonyeza kitufe. "Mzee, hiyo ni ya zamani. Soma ya kwenye karatasi mpya."

"Ndiyo hiyo ninayosoma."

"Karatasi mpya, mzee. Aliyokuletea Kamusi leo asubuhi."

"Ninayo mkononi, mama. Taa zenu hizi ndizo zina kasoro." Akaiinua karatasi, akaweka kidole chini ya mstari, akakohoa kidogo. "Kaona aibu."

Fundi akacheka puani. "Kichwa hiki ni kigumu au kimekwisha?"

Bosi hakucheka, na hilo ndilo lililomtisha Kamusi. "Nisikilize," Bosi alisema, kitufe amekiachia. "Mzee wako namheshimu. Lakini ikifika saa sita sentensi moja bado inamshinda, Jumatatu naleta babu mwingine. Utamwambia wewe, ni wa kwenu."

Kamusi akainamisha macho atafute la kujibu. Pale mapajani pake akaiona karatasi mpya. Alikuwa ameichapisha moja tu.

Sasa asubuhi alimpa mzee nini? Akatazama kupitia kioo, akaitambua ile mistari ya bluu pembeni. Ilikuwa ratiba ya zamu za usafi. Karatasi hizo mbili zililala pamoja kwenye mashine ya kuchapia, naye kwa haraka zake akaokota isiyo yake. Mzee Ngurumo alikuwa amesimama na kidole chini ya jina la mtu wa kusugua sinki siku ya Jumanne, anasoma hapo maneno ya babu.

Ndipo mengine yote yakajipanga. Akakumbuka mama yake mdogo, mke wa mzee, anavyopiga simu kila mara kuuliza, "Hapa umeandika nini, mwanangu, herufi zako ndogo?" Akakumbuka kwamba mzee hakujikwaa popote ila pale maneno yalipobadilishwa. Alikuwa anasomewa nyumbani, anakariri, anakuja kutapika kila kitu kama kilivyo.

Joto likampanda Kamusi kutoka shingoni hadi kwenye vishina vya nywele. Mwenye aibu alikuwa ametulia tuli, yeye aliyeketi pembeni ndiye aliyechomwa na kiti. Alimwonea huruma, alimkasirikia, na zaidi ya yote alitamani mtu mwingine yeyote asijue. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na leo mwosha alikuwa yeye.

"Nakwenda kumwelekeza," akasema, akatoka mbio.

Studio ile ilikuwa na sheria moja ambayo hata mfagiaji aliijua: ukiingia kibandani, inua mkono kwenye kioo, ili fundi azime kipaza sauti kabla hujafungua kinywa. Kamusi alikuwa ameinua mkono huo kwa miaka sita. Leo mkono mmoja ulishika karatasi, wa pili ulishika mlango, na akili haikuwapo.

"Baba," akanong'ona, "hiyo karatasi siyo."

"Siyo vipi?"

"Ni ratiba ya usafi."

Mzee Ngurumo akaikunja ile karatasi mara mbili, vizuri, kingo kwa kingo. "Nani anasugua sinki?"

"Fundi."

"Anastahili."

Kamusi hakucheka. "Tangu lini, baba?"

"Muda sasa. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto linaniletea vivuli tu, kama watu nyuma ya pazia. Mama yako mdogo ananisomea mara tatu, nashika. Shida ni wewe na maneno yako, mwanangu. Kila kukicha jipya, na mimi nimekesha na la jana."

"Sasa si ungeniambia?"

"Ningekuambiaje? Umewaambia watu hawa umeleta msomaji. Nilikusikia unavyoringa. Nikaona nikisema, nitakuharibia wewe jina."

Kamusi akainua uso, kwa sababu machozi yalikuwa yanakuja na hakutaka yadondokee karatasi. Juu ya kioo taa nyekundu ya kipaza sauti ilikuwa inawaka. Mkono wake ukaruka wenyewe kwenye kioo, lakini wapi! Maji yalikwisha kumwagika.

Mzee hakuona mkono, ila alisikia pumzi ilivyomkatika. Mtu wa redio ni mtu wa redio.

"Mbona kimya? Taa imewaka?"

Angeweza kumdanganya. Taa ilikuwa hatua mbili mbele ya uso wake na asingejua kamwe. Wale wa ng'ambo nao wasingesema. Wangemtoa Jumatatu kwa adabu, wakampa na sababu nzuri, naye angekufa akiamini kwamba siri yake aliifikisha salama. Kamusi aliupima uongo huo ulimini, akaona ni uongo mtamu. Lakini mwaka mzima macho yakimwishia, mzee alikuwa amejibu kwa kujificha, na kujificha ndiko kulikomfikisha kwenye sinki la Jumanne.

"Imewaka, baba. Nimesahau kuinua mkono. Wamesikia yote."

Vidole vya mzee vilitafuta ukingo wa meza, vikaupata.

"Wanacheka?"

"Hapana."

"Wanafanya nini? Nieleze vizuri, usinifiche."

"Bosi anaangalia dari. Fundi anakunja waya ambao ulikwisha kukunjwa. Masikio yamemwiva."

"Na wewe?"

"Mimi nataka ardhi ipasuke, baba."

Hapo Mzee Ngurumo akacheka, na kicheko chake kikatikisa sindano kwenye mitambo ng'ambo ya kioo. "Makubwa haya! Aibu ni yangu, mwenyewe nimesimama mwepesi, nyie watatu mmeibeba mpaka migongo imepinda. Hebu itueni chini. Hata mimi imenichosha."

Kamusi akajifuta macho kwa kiganja. Akachukua kalamu, akakata maneno yaliyokuwa kwenye karatasi mpya, akaandika mengine juu yake. Hakuyahesabu kwa vidole. Akamsogelea mzee sikioni.

"Babu aseme hivi: Kambebea aibu."

"Kambebea aibu." Mzee akayaonja mdomoni. "Ndiyo hayo, au mchana yanabadilika?"

"Ndiyo hayo."

"Apa."

"Naapa, baba."

Sauti ya Bosi ikaja kwenye hedifoni, imepungua ukali. "Mzee, sisi tuko tayari ukiwa tayari."

Picha ikaanza. Shemeji akanyanyuka mezani, mlango wa jikoni ukafungwa, mtoto akauliza swali lake. Mzee Ngurumo akavuta pumzi pamoja na yule babu wa mbali asiyemwona, akasema, na mdomo ukafungwa pale pale neno lilipokwisha. Kamusi alisubiri kusikia Jumatatu ikitajwa.

"Imekaa," Bosi akasema. Kisha akaongeza: "Kamusi, usitoke humo. Kuanzia leo kaa hapo, uwe unamsomea. Ukurasa unaofuata. Na tafadhali usibadilishe kitu."

Mzee Ngurumo akageuka amshukuru Bosi. Aliinama kwa heshima zote za kizamani, akauinamia ukuta. Kamusi akamshika bega, akamgeuza taratibu mpaka akakielekea kioo, akamwambia, "Yuko hapa, baba." Mzee akainama tena, na ng'ambo ya kioo Bosi akasimama kutoka kwenye kiti chake, akainama naye.